Hiyo "nikishajipanga" yako

Mwanangu,

Tangu ukate simu jana, neno lako moja limenikaa kooni. "Baba, nikishajipanga ndipo nitarudi kwenye mambo ya Mungu." Ulilisema kirahisi, kama mtu anayesema nguo atapiga pasi kesho.

Kazi umeipata kwa jasho lako, nami nimejisifu kwa watu mpaka mama yako akanikanyaga mguu. Sitaki kukutia mchanga kwenye furaha. Ila hiyo "nikishajipanga" inanitisha.

Msome tena yule tajiri wa Luka 12. Hakuiba wala hakumdhulumu mtu; shamba lilizaa tu. Alikosea hesabu: alijipangia miaka mingi, kumbe alibakiwa na usiku mmoja. Nitafanya, nitazivunja ghala, nitaweka nafaka. Naye alikuwa katikati ya kujipanga!

Sisemi uache kazi. Paulo huyohuyo anayetuambia tuyafikiri yaliyo juu ndiye aliyewaambia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, basi, asile. Mshahara upokee kwa mikono miwili. Lakini mkumbuke Dema, mwenzake Paulo. Katika barua ya Paulo kwa Filemoni anatajwa pamoja na Luka kama mtenda kazi. Katika ile ya pili kwa Timotheo, keshamwacha Paulo. Hatuambiwi kwamba alimkana Bwana. Aliupenda ulimwengu huu wa sasa, basi. Naye sidhani kama aliaga kwa ubaya. Labda alisema anakwenda kujipanga kidogo.

Juzi nilikuwa natafuta hati ya kiwanja, nikaikuta Biblia yangu ya zamani, ile iliyochanika mgongo. Katikati ya Zaburi kulikuwa na karatasi ya hesabu za mabati, kwa penseli, nimejumlisha, nimefuta, nimejumlisha tena. Upande wa pili ni tangazo la ibada ya Jumapili. Mahubiri ya siku hiyo siyakumbuki hata neno. Wewe ulikuwa umekaa hapo kando yangu, ukinishikia kifutio.

Na paa lenyewe bado linavuja, pale juu ya mlango wa jikoni. Fundi alisema atakuja, hajaja.

Tafuta kanisa wiki ya kwanza, kabla hujazoea kulala Jumapili. Ya kwanza, si ya pili.

Mama yako anasema blanketi ameliweka chini kabisa ya sanduku, usilitoe kwa kuona ni zito. Na ufunguo wa lango uliondoka nao tena. Tunaingilia uani.

Baba yako