Mwongozo wa vichujio vya mashine pepe: 'ndani' ya nani, 'nje' ya nani?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie karatasi ambayo haipo: mwongozo wa Kiswahili wa vichujio vya mashine pepe. Hapa Mtwara, na kwa majirani zetu wa Lindi, ofisi ambayo zamani ingenunua kompyuta nne siku hizi inaweza kununua seva moja na kuigawa kuwa mashine pepe nne, yaani kompyuta nne za kiprogramu ndani ya chuma kimoja: ya hesabu, ya kumbukumbu za wanachama, ya mafaili na ya majaribio. Mkandarasi anafunga, anaacha nywila kwenye bahasha, anapanda basi. Vinavyobaki ni seva inayonguruma na vichujio vya mtandao ambavyo hakuna aliyeandika vinazuia nini na vinaruhusu nini.

Tukumbushane Mei 2024. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huohuo hitilafu za kebo za baharini zikaidhoofisha intaneti nchini. Katika mwezi kama huo fundi wa Dar hafiki kwa gari wala haingii kwa mtandao. Aliyepo ofisini ndiye fundi, na asipokuwa na maandishi mkononi atabahatisha.

Tunachokizungumzia ni kiolesura kiitwacho nwfilter. Kimo ndani ya libvirt, programu inayosimamia mashine pepe kwenye Linux, tangu toleo la 0.8.0 la mwaka 2010. Kazi yake ni kukaa kati ya mashine pepe na mtandao, na kupima kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) kwa kanuni ulizoandika. Mashine pepe huitwa mgeni, na seva iliyoibeba huitwa mwenyeji. Ubora wake ni kwamba kanuni zinatekelezwa kwa mwenyeji, kwa hiyo hata mgeni akivamiwa na mvamizi akapata mamlaka yote ndani yake, hawezi kuzifuta.

Tuanze na neno gumu kuliko yote, ingawa lina herufi mbili tu. Kila kanuni ina mwelekeo: 'in', 'out' au 'inout'. Lakini ni kuingia kwa nani? Katika nwfilter ni kwa mgeni. 'In' ni pakiti inayomwendea mgeni, 'out' ni ile inayotoka kwake. Hadi hapo hakuna utata. Utata unakuja fundi anapotaka kuhakikisha kazi yake, akaandika kwa mwenyeji amri hii ya ebtables, mojawapo ya programu za Linux za kuchuja pakiti:

ebtables -t nat -L

Atakuta minyororo miwili (yaani orodha za kanuni), libvirt-I-vnet0 na libvirt-O-vnet0; vnet0 ni jina la kadi ya mtandao ya mgeni inavyoonekana kwa mwenyeji. Herufi I hapo ni ya kuingia kwa mwenyeji, si kwa mgeni. Pakiti inayotoka kwa mgeni ndiyo inayoingia kwa mwenyeji, hivyo kanuni uliyoiandika 'out' unaikuta chini ya I. Kwenye iptables, programu nyingine ya kuchuja, ni hivyohivyo: FI-vnet0 hushika pakiti zinazotoka kwa mgeni na FO-vnet0 zile zinazomwendea. Aliye chumbani husema mtoto katoka, aliye barazani husema mtoto kaja. Mtoto ni yuleyule na mlango ni uleule. Fundi asiyejua hili huona kanuni yake imekaa upande ambao hakuutarajia, akaigeuza ili "airekebishe", na kuanzia hapo mlango aliokuwa ameufunga uko wazi. Mwongozo wowote wa Kiswahili usioanza na jambo hili, hata ukiwa na kurasa mia, hautufai.

Na vnet0 yenyewe isiandikwe kwenye karatasi kama jina la kudumu. Mashine ikizimwa na kuwashwa inaweza kurudi ikiwa vnet5. Andikeni anwani ya MAC, namba ya kadi ya mtandao, ambayo kwa mashine hizi kwa kawaida huanza na 52:54:00, kisha amri ya virsh domiflist (virsh ndiyo amri ya kuiendesha libvirt) itawaambia leo mashine hiyo imeshika vnet ipi. Wenye toleo la 4.5.0 au jipya zaidi wana njia fupi: virsh nwfilter-binding-list, inayoonyesha kila vnet na kichujio chake.

Sasa kichujio chenyewe. Chukua mashine ya hesabu inayotumia PostgreSQL, hifadhidata inayosikiliza kwenye poti (namba ya huduma) 5432. Inatakiwa ifikiwe na kompyuta za mtandao wa ofisi tu, 192.168.10.0, na yenyewe itoke kwenda kuuliza saa na si kwingine. Tunakuomba Mhariri utuchapie mistari hii ilivyo. Hasa alama za kunukuu ziwe zile zilizonyooka, maana programu za kupangia kurasa hupenda kuzipinda, na zikipinda libvirt huikataa faili nzima.

<filter name='hesabu' chain='root'>
  <filterref filter='clean-traffic'/>
  <rule action='accept' direction='in' priority='500'>
    <tcp srcipaddr='192.168.10.0' srcipmask='24' dstportstart='5432' dstportend='5432'/>
  </rule>
  <rule action='accept' direction='out' priority='500'>
    <udp dstportstart='123' dstportend='123'/>
  </rule>
  <rule action='drop' direction='inout' priority='1000'>
    <all/>
  </rule>
</filter>

Faili hiyo huingizwa kwa virsh nwfilter-define, kisha kwenye maelezo ya mgeni, ndani ya sehemu ya interface, unaongeza filterref inayotaja 'hesabu' pamoja na parameta ya IP yenye anwani ya mgeni huyo.

Mstari wa pili unaita clean-traffic, kichujio kinachokuja na libvirt. Humzuia mgeni kudanganya kuhusu MAC yake, IP yake na majibu yake ya ARP (itifaki ya kuulizana IP fulani ni ya MAC ipi). Kinapitisha IPv4 na ARP, kwa hiyo siku ofisi ikitaka IPv6, aina mpya ya anwani, mashine hii itakuwa bubu na watu watailaumu kebo. Priority, yaani kipaumbele, huanzia -1000 hadi 1000, na usipoiandika huwa 500. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo yenye nguvu, kumbe ni kama namba za foleni ya zahanati: ndogo hutangulia. Ndiyo maana ile ya kutupa kila kitu imepewa 1000. Ukiipa 100, hakuna kitakachopita.

Majibu ya PostgreSQL kurudi kwa karani hayahitaji kanuni ya pili, kwa sababu nwfilter hufuatilia hali ya muunganisho na kuruhusu majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kukubaliwa. Ila angalieni kanuni ya mwisho: inatupa hata maombi ya DHCP (njia ya kugawiwa anwani bila kuandika), kwa hiyo mgeni huyu lazima awe na anwani aliyowekewa kwa mkono. Inatupa pia maombi ya kushusha masasisho. Na anayesahau poti 123, ile ya saa, atagundua baada ya wiki kadhaa, saa ya mashine itakapokuwa imesogea na stakabadhi zinatoka na muda usiolingana.

Tufike kwenye kosa ambalo tunaona ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halipigi kelele. Kanuni za MAC na ARP hutekelezwa na ebtables. Kanuni za tcp, udp na all hutekelezwa na iptables. Mgeni anapokuwa ameunganishwa kwa daraja (si Daraja la Mkapa wala daraja la korosho, ni ile swichi ya programu inayomuunganisha mgeni na kadi ya mtandao ya seva), pakiti zake hazipiti iptables mpaka umeruhusu. Angalia hivi:

cat /proc/sys/net/bridge/bridge-nf-call-iptables

Ikijibu 1, sawa. Ikijibu 0, kanuni yako ya poti 5432 ipo, inaonekana kwenye orodha, na haifanyi kazi yoyote. libvirt huandika onyo kwenye kumbukumbu zake, lakini ni nani anayezisoma? Ikijibu kwamba faili haipo, basi moduli (kipande cha ziada cha Linux) ya br_netfilter haijapakiwa; tangu Linux 3.18 moduli hiyo inajitegemea. Pakia kwa modprobe br_netfilter, kisha weka 1 kwa sysctl, amri ya mipangilio ya Linux. Halafu kuna mtego wa umeme kukatika: seva inapowaka, mipangilio ya sysctl inaweza kusomwa kabla moduli haijapakiwa, ikakosa pa kukaa, na ikapotea kimya. Dawa ni kuandika neno br_netfilter kwenye faili ndani ya /etc/modules-load.d/ ili moduli itangulie. Kisha, kila baada ya umeme kurudi, soma tena ile namba.

Kuna na upande wa pili wa shilingi. Ukiweka 1 kwenye seva ambayo pia ina Docker (programu ya kuendesha huduma ndani ya makontena), wageni wote wa daraja wanaweza kukatika kwa pamoja. Docker, tangu toleo la 1.13, hugeuza msimamo wa mnyororo wa FORWARD wa iptables kuwa DROP, yaani kutupa, na sasa umezipeleka pakiti za daraja kwenye mnyororo huohuo. Fundi akiona hivyo huirudisha ile namba kuwa 0, mtandao unarudi, kila mtu anapumua, na kichujio kimekufa. Ushauri wetu ni mfupi: Docker iwekwe ndani ya mgeni mmojawapo, isikae kwa mwenyeji.

Kuhusu anwani. Usipoandika parameta ya IP, clean-traffic hujifunza yenyewe kwa kutazama pakiti za mgeni, na ikishajifunza humfungia kwenye anwani hiyo. Ukiibadilisha baadaye kutoka ndani ya mgeni, mashine inanyamaza. Kwa wanaotumia DHCP kuna parameta ya CTRL_IP_LEARNING, iwekwe 'dhcp', na DHCPSERVER itaje seva unayoiamini, vinginevyo kisanduku chochote cha intaneti kitakachochomekwa ofisini kinaweza kugawa anwani.

Jambo jingine linalochanganya ni lini badiliko linaanza kazi. Ukibadilisha kichujio kwa nwfilter-define au nwfilter-edit, kinabadilika palepale kwa wageni wote wanaokitumia, hata wakiwa kazini, kwa hiyo usijaribu saa nne asubuhi siku ya malipo. Lakini ukiongeza filterref kwa virsh edit, haianzi mpaka mgeni azimwe kabisa na kuwashwa. Kumwambia ajiwashe upya kutoka ndani hakutoshi. Na anayepiga iptables -F kwa mwenyeji ili "asafishe" amefuta pia kanuni za wageni. Libvirt haina habari, na itazirejesha huduma yake ikianzishwa upya.

Majaribio ni mawili na hayazidi dakika kumi. La kwanza, ndani ya mgeni jiongezee anwani isiyo yako, kwa mfano ip addr add 192.168.10.99/24 dev eth0, kisha ping kompyuta ya jirani ukitumia -I 192.168.10.99. Lazima ishindwe. Jina la kadi linaweza lisiwe eth0, na anwani hiyo ifutwe baada ya jaribio. La pili, piga nc -zv, amri ya kujaribu kama poti inaitikia, kwenye poti 5432 kutoka kompyuta ya mtandao wa ofisi, ambako lazima ikubali, halafu kutoka mtandao mwingine, ambako lazima isubiri mpaka ikate tamaa. Ikikataliwa papo hapo badala ya kusubiri, aliyekataa si 'drop' yako: huenda pakiti imefika hadi kwa mgeni mwenyewe. Jaribio la kwanza likifaulu (yaani ping ikishindwa) na la pili lisifaulu, ebtables inafanya kazi na iptables hairuhusiwi kuona pakiti. Rudi kwenye ile namba.

Ombi letu kwa wakurugenzi, wakuu wa shule na viongozi wa vyama vya ushirika wanaosoma gazeti hili: malipo ya mwisho ya kufunga seva yasitoke kabla ya karatasi hizi kukabidhiwa kwa Kiswahili. Kwa kila mgeni iandikwe MAC yake, IP yake, jina la kichujio, poti zilizoruhusiwa na nani anazihitaji, na matokeo ya majaribio yote mawili pamoja na tarehe. Nyuma yake kichapwe kichujio chenyewe kama kinavyotolewa na virsh nwfilter-dumpxml. Nakala moja ikae kwa mhasibu. Nyingine ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la seva, iwekwe kwenye plastiki, maana kwa unyevu wa pwani yetu karatasi tupu haimalizi masika.

Mafundi wa mifumo ya kompyuta,
Shangani, Mtwara