Wifi, kabla hujalipia ule mtaala

Wifi yangu,

Kaka amekuja kuniuliza kwa niaba yako ni mtaala gani wa uandishi niliotumia na wanangu. Aliuliza huku anaangalia pembeni, kama mtu aliyetumwa kukopa. Nikamwambia nitajibu. Najibia hapa kwa sababu najua huwa unanisoma kimyakimya, na kwa sababu simu zangu hupokei tangu siku ile.

Kwanza hongera. Wewe uliyesema mbele ya watu kwamba kusomesha watoto nyumbani ni uvivu uliopewa jina zuri, leo umewatoa wako shule. Sisemi kwa kejeli. Basi, labda kidogo. Lakini nimefurahi, na najua usingizi umeanza kukukimbia, maana na mimi ulinikimbia mwanzoni.

Kaka anasema umeshachagua ile seti kubwa, yenye kitabu cha mwalimu, kitabu cha mwanafunzi, kitabu cha mazoezi, chati za ukutani na kadi, na kwamba unasubiri tu pesa ikamilike. Wifi, usilipe. Subiri angalau umalize kusoma hapa.

Seti ya namna hiyo imepangiwa darasa la watoto wengi na mwalimu mmoja, ndiyo maana imejaa mazoezi ya kujaza nafasi. Mwalimu mwenye watoto 40 anahitaji kitu cha kusahihishwa haraka. Wewe una watatu, na wote unawasikia kutoka jikoni. Mtoto anaweza kujaza nafasi mwaka mzima, akapata vema ukurasa hadi ukurasa, halafu siku ukimpa karatasi tupu akakuuliza, "Niandike nini?" Maana kuchagua neno moja kati ya manne hakujawahi kumfundisha mtu kuanzisha sentensi yake mwenyewe.

Halafu kuna hesabu ambayo muuzaji hakutajii. Kitabu cha mazoezi huandikwa ndani, kwa hiyo kikishapita kwa wa kwanza kimekwisha, na wa pili utamnunulia kingine. Zile PDF za bure nazo zisikudanganye. Ukishaprinti kurasa za mwaka mzima kwa watoto watatu, wino na karatasi vitakuwa vimekula pesa ya vitabu kadhaa. Tafuta kitabu kisichoandikwa ndani, mtoto ajibu kwenye daftari. Na kama ni lazima ununue, omba uone masomo mawili matatu ya katikati. Ukurasa wa kwanza kila mtu huupendezesha. Jiulize kama ungeweza kukifungua asubuhi umechoka, mdogo analia, na bado somo likaenda bila wewe kukesha kulitayarisha. Kama huwezi, hicho kitakaa kabatini hata kiwe kimesifiwa na nani.

Sasa nikwambie tulichofanya sisi, maana ndicho ulichouliza.

Wadogo hawakuandika insha. Walisimulia. Namsomea mara moja tu, kurasa mbili hivi za hadithi nzuri, nafunga kitabu, namwambia, "Nieleze." Anaeleza kwa maneno yake, mimi naandika anavyosema bila kumrekebisha, kisha namsomea maneno yake. Ungeona uso wa mtoto anaposikia maneno yake yanasomwa kama ya kitabuni! Sikulibuni mimi hili. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki 1923, alijenga karibu elimu yake yote juu ya kusimulia, na kwa watoto walio chini ya miaka 9 au 10 masimulizi yalikuwa hasa ya mdomo. Sababu yake naiona kila siku. Mtoto mdogo anapoandika anafanya kazi mbili kwa mpigo: anatafuta la kusema, na anapigana na mkono, herufi na tahajia. Moja lazima ishindwe, na mara nyingi ni lile la kusema. Ndiyo maana mtoto anayekueleza ajali ya baiskeli mpaka pumzi ikamwishia, ukimpa kalamu anaandika, "Nilianguka. Mwisho."

Huo mkono ufundishwe peke yake, kwa kunakili. Sentensi moja au mbili kutoka kitabu kizuri, dakika 10, na unasimamisha kabla hajachoka. Mistari mitatu safi inatosha. Mwandiko ukianza kulegea, funga daftari, kwa sababu kuanzia hapo anajifunza kuandika vibaya.

Wakikua kidogo, imla. Si ile ya kuvizia tuliyofanyiwa sisi, ya kusubiri mtoto akosee umchape. Mpe kifungu akitazame kwanza, akuonyeshe mwenyewe maneno anayoyaogopa, ndipo umsomee kwa vipande. Imla inakuonyesha kila kitu. Wangu walikuwa na ugonjwa ambao nina hakika wako wanao: kukata maneno. "Ana kuja." "Nime fika." Halafu palipotakiwa nafasi wanaunganisha, "kwasababu". Na herufi h inaruka dirishani, "apa" badala ya "hapa". Wanasikia sawasawa ila hawajaona ya kutosha, na dawa yake ni kuona: kusoma, kunakili, imla, kisha kesho tena.

Naona nimefika mahali ambapo siwezi kupita bila kusema.

Wewe ndiye uliyemwogesha Mama wiki zile za mwisho. Sijasahau, na sitaki mtu anayesoma hapa adhani wewe ni mtu mbaya. Mimi nilikuwa nashindwa hata kuingia chumbani, wewe unaingia na beseni unaimba. Kila nikikukasirikia nakumbuka ule wimbo na hasira inapungua. Lakini haiishi.

Maana siku tuliyomzika, chumba kimejaa watu, mwanangu wa kati alikaa chini karibu na mlango akaandika kwenye daftari lake. Hakuna aliyemwambia aandike. Ulimchukulia daftari mapajani. Mimi nilidhani unataka kulia. Lilikuwa limeandikwa hivi, nalijua kwa moyo: "Bibi, leo watu ni wengi na hakuna anae cheka. Kitanda chako wame kitoa nje. Nime shika fimbo yako ili isi potee."

Ukavaa miwani. Ukafungua mkoba, ukatoa kalamu nyekundu. Nani anakwenda msibani na kalamu nyekundu, wifi? Ukazungushia "anae cheka", "wame kitoa", "nime shika", "isi potee", na pembeni ukaandika "NENO MOJA!" kwa herufi kubwa. Kisha ukageukia watu: "Huyu ana miaka tisa. Hicho ndicho wanachosomea nyumbani." Mtu mmoja akacheka. Mtoto akachukua daftari lake, akalifunga, akaendelea kushika ile fimbo.

Makosa uliyazungushia sawasawa, hata moja hukuonea. Na ndiyo yale yale ya imla niliyokutajia, yalikuja kutengenezwa kwa imla, taratibu, kwa kalamu ya kawaida. Nilikuwa nayajua kabla yako. Nilikuwa nimeshayaona kwenye daftari la kazi na nimeyapangia zamu yake. Kwa hiyo usimwambie kaka kwamba nilizubaa mpaka wewe ukanifumbua macho, kwa sababu nimesikia umesema hivyo. Kilichokatika siku ile ni kingine. Baada ya hapo mwanangu alifanya kila nilichomwagiza, akanakili, akaandika imla, lakini kwa muda mrefu hakuandika neno hata moja asiloagizwa. Mtaala wa kurudisha kile kitu hauuzwi, wifi. Ningekuwa nimeununua.

Alirudi kwa mlango ambao sikuutegemea. Benjamin Franklin, yule Mmarekani, shule aliacha akiwa na miaka 10, na baadaye akawa mwanagenzi kwenye kiwanda cha uchapaji cha kaka yake kule Boston. Alipata juzuu moja ya makala za gazeti la London, akazipenda, akataka kuandika hivyo. Akawa anasoma makala, anaandika vidokezo vifupi vya kila sentensi, anaviweka siku kadhaa, kisha anajaribu kuiandika upya bila kufungua kitabu. Akimaliza analinganisha na ile ya asili na kusahihisha mwenyewe. Mara nyingine alivichanganya vidokezo vyake makusudi, akakaa wiki kadhaa, ndipo akavipanga upya ili ajifunze mpangilio wa mawazo. Nilimsimulia mwanangu, akapenda sehemu moja tu: kwamba anayesahihisha ni kitabu, si mtu. Akaanza. Kwa watoto wa kuanzia miaka 11 au 12 sijaona mtaala wa kulipia unaoshinda mchezo huu, na gharama yake ni kitabu chochote kilichoandikwa vizuri.

Kingine ni kuunganisha sentensi. Najua unapenda sarufi, wewe na ngeli zako. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi za kufundisha uandishi, kuanzia darasa la nne hadi la kumi na mbili. Kufundisha sarufi peke yake hakukuboresha maandishi ya wanafunzi, lakini kuwazoeza kuunganisha sentensi kuliyaboresha. Sisi tulifanya hivi: unampa "Mvulana alikimbia. Mvulana alikuwa na viatu vipya. Mvua ilianza kunyesha." Afanye moja. Mkubwa wangu aliandika, "Mvua ilipoanza kunyesha, mvulana mwenye viatu vipya alikimbia." Safi kabisa, ungempa vema. Binti akaandika, "Mvulana alikimbia mvua ilipoanza, maana viatu vyake vilikuwa vipya." Hiyo "maana" hakupewa na mtu. Ameiona mwenyewe. Kwenye kitabu chako cha mwalimu jibu lingekuwa moja, na binti angekosa.

Kuhusu kusahihisha, kwa kuwa ndiko kidonda kilipo: chagua kosa la aina moja kwa kila kazi, mengine yaache yasubiri. Mwambie akusomee kwa sauti alichoandika, utashangaa mangapi atayasikia mwenyewe na kurudi nyuma. Na kile alichoandika kwa ajili yake, au kwa ajili ya mtu wake, usikiguse kabisa. Ukipewa usome, jibu kama msomaji. Uliza fimbo iko wapi sasa.

Usiwapange kwa umri. Wa pili wako anaongoza kwa maneno lakini mkono wake mzito, mwache asimulie mdomo hata miaka miwili zaidi. Utaogopa kwamba anachelewa, shemeji zako watasema, na mimi mwenyewe nitanyamaza kwa shida, lakini mwache. Kama baadaye watakaa kwenye mtihani wa taifa, muundo wa insha ya mtihani utawafundisha kwa karatasi za miaka iliyopita, mwaka mmoja kabla. Mtoto mwenye la kusema anaushika haraka.

Wiki ya kwanza usiandikishe kitu. Soma nao, wasimulie, na wewe ndiye uwe karani. Najua itakukera, maana unapenda kuona karatasi zimejaa. Hata hizo utazijaza wewe, kwa maneno yao.

Kitabu cha kuunganisha sentensi ninacho. Ni chembamba, jalada limechanika, wangu watatu wamekipitia na hakuna aliyeandika ndani. Majibu yako nyuma, yafiche, mkubwa wako ni mjanja kama baba yake alivyokuwa. Sitampa kaka akuletee. Njoo ukichukue mwenyewe, na ile sufuria yangu kubwa uje nayo.