Yule wa 1914

Mdogo wangu,

Ile orodha ya washindi wa marathoni ya Boston, Marekani, uliyonitumia siku Mtanzania Simbu aliposhika namba mbili 2025 bado ninayo kwenye simu. Wewe ulitaka nione Wakenya walivyojipanga kuanzia Ibrahim Hussein 1988, na nimewaona, ila mimi nilirudi nyuma mpaka 1914 nikakwama kwenye jina moja, James Duffy, Kanada. Tangu siku ile hajanitoka, na sasa umeniambia unaenda kujaribu jeshini kwa njia ya riadha kama Simbu, nimeona nikuandikie tu.

Duffy kwao ni Ireland, Sligo, kazaliwa 1890, akakulia Edinburgh kisha akavuka bahari kutafuta maisha Kanada. 1912 wakampeleka Olimpiki kule Stockholm, marathoni ya jua kali balaa, karibu nusu ya walioanza hawakumaliza, na Mreno mmoja, Lázaro, alianguka njiani akafariki kesho yake. Duffy akamaliza wa 5. Aprili 1914 akaja Boston, akakimbia saa mbili na dakika 25, na nyuma yake sekunde 15 tu alikuwepo Édouard Fabre wa Montreal. Sekunde 15 mdogo wangu, wewe unajua zinavyouma! Inasimuliwa kwamba alipomaliza, kitu cha kwanza kuomba ni sigara.

Agosti Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikalipuka, Septemba jamaa kashajiandikisha.

Jioni ya 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres kule Ubelgiji, Wajerumani wakafungua mitungi ya klorini, gesi ya sumu, wingu la kijani-njano likaenda na upepo mpaka kwenye mahandaki ya Wafaransa na Waalgeria, watu wakakosa pumzi, wengine wakakimbia, mstari ukabaki wazi. Usiku uleule vikosi viwili vya Kanada, kimoja ndo cha Duffy, vikaambiwa virudishe msitu mdogo uliotekwa. Wakavuka shamba gizani kimyakimya, singe mbele, mpaka wakagonga ua wa miti uliofumwa na waya, na wakati wanapenya ile kelele ikasikika, taa za angani zikawashwa na bunduki za rashasha zikaanza. Huwa nalifikiria hilo shamba, kwa mtu aliyekuwa na miguu kama yake umbali ule haukuwa kitu kabisa.

Duffy akafariki tarehe 23, ana miaka 24.

Sasa kinachonikaa kooni ni hiki, tarehe 19, siku nne tu kabla, Boston ilikimbiwa kama kawaida na aliyeshinda ni Fabre, yuleyule wa sekunde 15. Angalia orodha yako, wamefuatana, 1914 Duffy, 1915 Fabre, muda wao umeandikwa pembeni basi, hakuna kingine.

Kaburi lake liko Poperinge, si mbali na Ypres. Wewe ndo mwenye miguu ya kufika huko, ukija kupata mbio za Ubelgiji nenda ukasimame pale hata dakika tano, unipigie picha.

Kaka yako