Mdogo wangu, usiuze amplifaya

Mdogo wangu,

Nimesikia unataka kuuza amplifaya yako ili upate pedali nyingine, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa. Nakuandikia hadharani kwa sababu wacharazaji gitaa wengi wanasumbuliwa na jambo hilihili. Unasema toni yako, yaani ladha ya sauti ya gitaa lako, bado haijafika, nami nakuamini. Masikio yako ni mazuri, na bila kiu ya sauti nzuri hakuna anayefika mbali kwenye ala hii. Ninachopinga ni mahali unapoitafuta.

Toni unayoifukuzia uliisikia kwenye rekodi, gitaa likiwa limezungukwa na besi, dramu na waimbaji. Mara nyingi fundi sauti hulipunguzia gitaa sauti za chini ili besi na dramu kubwa zipate nafasi. Ukilisikia gitaa hilo peke yake utashangaa jinsi lilivyo jembamba, pengine hata kali. Wewe unakaa chumbani, unaongeza mkwaruzo na sauti za chini mpaka gitaa lijae chumba kizima. Ukienda mazoezini linazama, hakuna anayekusikia, na lawama zote zinaiangukia pedali. Hebu punguza mkwaruzo, punguza sauti za chini, pandisha za kati, kisha sikiliza ukiwa na wenzako. Nobu za kufanyia hivyo, zile za kuzungusha kwenye amplifaya, tayari unazo.

Na sikio lenyewe lina mambo yake. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupoteza zile za chini kabisa haraka kuliko za kati. Kwa hiyo toni uliyoipanga usiku, kwa sauti ndogo ili usiamshe watu, itabadilika tu jukwaani hata usipogusa chochote. Hapo hakuna pedali ya kukuokoa. Panga tena ukiwa hukohuko, kwa sauti ileile utakayopigia.

Halafu kuna mkono, na hapa ningependa utulie. Piga uzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa: sauti inang'aa na kuchoma. Sogeza mkono kuelekea shingo ya gitaa, inalainika na kunenepa. Geuza piki, kile kipande kidogo cha kuchezeshea nyuzi, kidogo tu, noti inaanza kwa namna nyingine kabisa. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, hupiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza, peni sita, ambayo ukingo wake wenye meno hukwaruza uzi. Gitaa lake alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963, na shingo yake ilitokana na mbao za fremu ya meko kuukuu. Ndiyo, nyuma yake kulikuwa na amplifaya za Vox AC30, nami sisemi vifaa havina kazi. Vina kazi kubwa. Ila yeye alijua anataka sauti gani, ndipo akavitafuta.

Nyuzi zako zina umri gani? Jasho na kutu huua ule mng'ao, na hakuna nobu ya kuurudisha. Angalia pia pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi: zikikaribia mno huvuta uzi, noti hufa mapema na hata kuyumba. Bisibisi inatosha kuzishusha.

Basi amplifaya ibaki. Funga nyuzi mpya, kisha urekodi wimbo mmoja ukiwa na bendi nzima, gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya. Nitumie. Nitasikiliza kwa makini, nawe uniandikie ni kitu gani hasa kinakosekana: noti hazidumu, sauti za kati ni chache, mwangwi haupo. Ukiweza kukitaja hivyo, pedali hiyo nitakuchangia mimi mwenyewe.

Kaka yako