Kabla ya kusifu maabara, ulizeni kuhusu mfuko

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu upelelezi wa vinasaba (DNA) nimeisoma hadi mwisho na nimeifurahia, ila ilianzia pale mashine zinapowashwa. Mimi nimetumikia maabara kwenye dirisha la kupokelea vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, na ninachoweza kuwaambia wasomaji wenzangu ni kwamba kielelezo kikiharibika, mara nyingi huwa kimeharibika kabla hakijafika dirishani. Na mwenye kukiharibu si lazima awe mla rushwa. Wakati mwingine ni askari mchapakazi aliyeshika mfuko usiofaa.

Chukua shati lenye damu mbichi. Askari analikunja vizuri, analitia kwenye mfuko wa plastiki, anapiga fundo na kuandika namba ya jalada. Kwa macho amefanya kazi safi. Ila kwa kulikunja tu, damu ya kifuani imehamia mgongoni, na yule mtaalamu ambaye angesoma jinsi matone yalivyoruka hana tena cha kusoma. Ndani ya plastiki unyevu hauna pa kutokea, bakteria na ukungu wanastawi, vinasaba vinakatikakatika. Siku ya kufungua, harufu inakutangulia, kitambaa kina madoa ya kijani, na doa ambalo lingetaja mtu limebaki uchafu tu.

Shati hilohilo lilitakiwa litundikwe likauke lenyewe, mbali na jua, chini yake ikitandazwa karatasi safi ya kudaka unyoya au chembe itakayodondoka. Likishakauka linatenganishwa kwa karatasi kila linapokunjwa, kisha linaingia kwenye mfuko wa karatasi. Ile karatasi ya chini nayo haitupwi, inafungwa peke yake na kuletwa. Likitunzwa hivyo mahali pakavu, linaweza kupimwa hata baada ya miaka mingi.

Lakini msije mkaandika kwamba karatasi ndiyo dawa ya kila kitu. Mabaki ya moto unaoshukiwa kuwashwa kwa petroli ukiyatia kwenye karatasi, mvuke wote unaishia njiani. Hayo yanataka kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, tena lisijazwe hadi juu, kwa sababu mkemia anapima ile hewa iliyobaki chini ya mfuniko. Simu inawekwa kwenye mfuko unaozuia mawimbi, mtu asije akaifuta akiwa mbali. Mikono ya marehemu inavishwa mifuko ya karatasi. Mshukiwa aliye hai naye hasubiri, maana masalia ya baruti yanapukutika mikononi ndani ya saa chache, na akinawa ndiyo yameondoka.

Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, ndiye anayehusishwa na kanuni kwamba vitu viwili vikigusana kila kimoja huachia kingine chembe. Watu hupenda kuitaja wakimfikiria mhalifu. Kanuni hiyo haimchagui mhalifu, inamshika pia mkuu wa kituo aliyekuja kuangalia tu, mpiga picha, muuguzi, na jirani aliyemfunika marehemu kwa shuka kwa huruma. Ndiyo maana anayezungushia eneo la tukio utepe na kuandika jina la kila anayeingia na kutoka, pamoja na saa, anafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha zenu. (Na kwenye picha hizo, naomba radhi kusema, wakubwa wasiovaa glavu huwa wengi ndani ya utepe.)

Waulizeni Wajerumani. Mwaka 2007 askari polisi wa kike aliuawa mjini Heilbronn, na vinasaba vilivyokusanywa vikaelekeza kwa mwanamke asiyejulikana ambaye chembe zake zilikuwa zimeonekana kwenye matukio mengi Ujerumani, Austria na Ufaransa, kuanzia mauaji hadi wizi mdogo mdogo. Alisakwa kwa miaka. Mwaka 2009, walipokuwa wakijaribu kuitambua maiti ya mwanamume iliyoungua, vinasaba vya mwanamke yuleyule vikajitokeza. Hapo ndipo walipogeukia vijiti vyao vya pamba vya kuchukulia chembe. Vilikuwa vimechafuliwa tangu kiwandani na mfanyakazi mmoja. Vilikuwa vimetakaswa, ndiyo, lakini kutakasa huua vijidudu, hakufuti vinasaba. Kiwango cha kimataifa cha ISO 18385, kinachohusu usafi wa vifaa vya aina hiyo, kilitoka mwaka 2016. Mauaji yenyewe yalikuja kuhusishwa na kundi la kigaidi la Wanazi mamboleo, NSU, mwaka 2011.

Kwa hiyo anayekusanya hutakiwa kuleta pia kijiti kimoja cha boksi lilelile ambacho hakikugusa doa lolote. Kikitoa vinasaba vya mtu, tatizo liko kwenye boksi.

Ombi langu ni kwa waandishi wenu wa mahakamani. Mnaripoti kwamba kielelezo kimepokelewa na mnaishia hapo. Tazameni lakiri, yaani ule utepe uliofunga mfuko. Saini inatakiwa ipite juu ya utepe, nusu iwe kwenye utepe na nusu kwenye mfuko, ili atakayebandua ajulikane. Maabara ikifungua haikati lakiri ya zamani, inakata upande mwingine, inafunga upya na kusaini, na ile ya kwanza inabaki mahali pake. Kisha fuatilieni fomu ya makabidhiano: nani alimpa nani, siku gani, saa ngapi. Kukiwa na siku mbili ambazo mfuko haukuwa mkononi mwa mtu yeyote anayetajwa, sisemi kwamba kuna aliyeuchezea. Nasema wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza ulikuwa wapi, na msomaji naye ana haki ya kujua jibu lililotolewa. Mara nyingi swali hilo ndilo linaloamua kesi, na kwenye gazeti huwa silioni.

Mpokea vielelezo mstaafu