Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya mgongo, tuelezwe kweli

Mhariri,

Ijumaa iliyopita niliingizwa katika kundi la WhatsApp la kumchangia kijana wa mtaa wetu hapa Majengo apasuliwe mgongo. Ana miaka 31, anasukuma mkokoteni soko la Kongowea, na kiuno kinamsumbua mwaka wa pili sasa. Mweka hazina alibandika picha ya ripoti ya MRI, kipimo kinachopiga picha ya ndani ya mwili, ili watu waamini. Niliikuza kwa vidole nikaisoma. Diski mbili za chini, ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, zimekauka na kuchomoza kidogo. Mishipa ya fahamu haijabanwa. Pembeni, kwa kalamu, daktari ameandika kwamba pingili ya nne na ya tano ziunganishwe.

Mwili ulinisisimka, kwa sababu ripoti hiyo naijua. Karibu neno kwa neno ndiyo aliyorudi nayo kaka yangu mwaka 2021.

Kaka alikuwa hamali tangu ujana wake, kwanza Marikiti kisha Kongowea. Jioni ile tuliiinua filamu ya MRI mbele ya taa ya sebuleni, familia nzima, tukautafuta ugonjwa. Wifi yangu akaweka kidole penye weusi kati ya pingili mbili. "Ni hapa," akasema, nasi sote tukaona ni hapo. Hakuna aliyetueleza kwamba weusi ule ni diski iliyopungukiwa maji, na kwamba baadhi yetu tuliokuwa tumeishika filamu ile, tusiolalamika kiuno hata siku moja, tungepigwa picha tungekutwa nao vilevile.

Tuliuza kiwanja cha Ukunda alichotuachia marehemu baba. Kaka akatiwa skurubu nne na vyuma viwili, akachongwa mfupa wa nyonga ukapandikizwa katikati, kisha akakaa miezi na mkanda mgumu kiunoni. Baada ya mwaka picha ilionyesha pingili zimeungana. Daktari alifurahi: "Mzee, mfupa umeshika." Kaka akamjibu kwa adabu, "Alhamdulillahi, daktari. Umeshika, lakini maumivu nayo hayajaachia." Hadi leo anaswali kwenye kiti, na mkokoteni wake aliuza.

Sina ugomvi na mkono wa daktari yule. Kazi aliyoifanya aliifanya vizuri. Kinachonikera mpaka sasa ni kwamba mambo ambayo yamejulikana na madaktari wa dunia kwa miaka mingi hayakufika sebuleni kwetu kabla hatujauza. Nimeyasoma baadaye, nikiwa nimestaafu ualimu na nina muda, na ndiyo maana nakuandikia.

Kuunganisha pingili ni kuzifanya pingili mbili ziwe mfupa mmoja zisicheze tena. Ni dawa ya mgongo ulioregea au uliovunjika. Upasuaji huu ulianza New York mwaka 1911, mikononi mwa madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, na katika wagonjwa wao wa mwanzo walikuwemo watu waliokuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa ugonjwa kama huo una maana kubwa. Shangazi yangu alipatwa na kifua kikuu cha mgongo, pingili zikaliwa, miguu ikaanza kufa ganzi. Alipewa dawa za TB, akapasuliwa, akatembea mpaka alipofariki kwa uzee. Kwa hiyo asije mtu akasema mwalimu anakataza watu kupasuliwa. Pingili iliyovunjika kwa ajali ya bodaboda, uvimbe, usaha, mgongo unaopinda, pingili iliyoteleza ikabana mishipa: hapo msikilize daktari wa upasuaji. Na mwenye kiuno akianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au akafa ganzi sehemu za siri, au mguu ukapoteza nguvu, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, asingoje hata changizo.

Lakini kiuno cha kaka hakikuwa hivyo, na cha kijana huyu, kwa ripoti niliyoisoma, si hivyo. Ni maumivu ya muda mrefu ya kiuno chenyewe, na diski zilizochakaa. Na kuchakaa ni kitu cha kawaida mno. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo waliopigwa picha ya MRI. Waliokuwa na diski safi zote walikuwa asilimia 36 tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2015 ulikadiria kuwa hata vijana wa miaka 20 wasioumwa, asilimia 37 wana diski zilizoanza kuchakaa, na wakifika 80 ni asilimia 96. Kwa hiyo picha inaweza kuonyesha kitu cha kweli kabisa, na kitu hicho kisiwe ndicho kinachouma. Ukikifunga kwa chuma, maumivu yanabaki palepale yalipo.

Upasuaji wenyewe umepimwa. Mwaka 2001 Wasweden walitoa matokeo ya wagonjwa 294: waliounganishwa pingili walipungukiwa maumivu kwa asilimia 33 baada ya miaka miwili, wenzao waliopewa fiziotherapia ya kawaida, yaani tiba ya viungo na mazoezi, kwa asilimia 7. Nadhani wanaopenda kupasua husimamia hapo. Lakini mwaka 2003 Wanorwe, na wagonjwa wao 64, waliulinganisha upasuaji na mazoezi ya nguvu pamoja na kumwelewesha mgonjwa mgongo wake, wasione tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja. Mwaka 2005 Uingereza ikaja na wagonjwa 349 wa hospitali 15. Makundi yote mawili yalipata nafuu, waliopasuliwa wakazidi kidogo sana, na watafiti wakasema hawakuona ushahidi wa wazi kwamba upasuaji unashinda mazoezi. Mwaka 2016 NICE, chombo kinachoandika miongozo ya matibabu Uingereza, kikasema maumivu ya kiuno ya namna hii yasitibiwe kwa kuunganisha pingili isipokuwa mgonjwa yumo ndani ya utafiti. Na wenzetu hao hawauzi viwanja ili kutibiwa.

Hayo mazoezi nayo yafahamike vizuri, kwa sababu ukimwambia hamali "kafanye mazoezi" atakuona unamdharau. Kule Uingereza yalikuwa kama saa 75, siku tano kwa wiki, wiki tatu mfululizo: kujenga misuli, kunyoosha viungo, kufanya mazoezi majini, na kukaa na mtaalamu aliyewasaidia kuondoa hofu kwamba kila kinapouma kitu kinakatika ndani. Kaka alipata nini? Alipangiwa mara mbili. Mara ya kwanza aliwekewa taa ya joto mgongoni kwa dakika kumi. Mara ya pili akapewa karatasi yenye michoro, ya Kiingereza, asiyoweza kuisoma. Ninayo bado, imekunjwa mara nne. Halafu kwenye faili ikaandikwa kwamba fiziotherapia imejaribiwa na imeshindwa.

Sentensi hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye meza ya upasuaji.

Sisi tuna bahari. Maji ya kiunoni yako ufukweni Pirates, bure. Vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC vinafundisha wataalamu wa fiziotherapia. Zahanati tunazo mitaani. Ninachoiomba kaunti ni darasa la mazoezi ya mgongo, kwa Kiswahili, mara tatu kwa wiki, karibu na Kongowea na lingine karibu na Likoni, saa ambazo hamali amemaliza kushusha lori. Na tukiwa hapo hapo, sheria inayosema gunia la viazi lisizidi kilo 50 isimamiwe, maana lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, naliona kila asubuhi na mwanadamu mmoja chini yake.

Kwa madaktari wetu ombi langu ni la maneno tu. Mgonjwa aambiwe kwa lugha yake ni kitu gani hasa kinachomuuma na wamekijuaje, aambiwe watu wenye picha kama yake wasioumwa ni wangapi. Aambiwe akisubiri miezi sita atapoteza nini. Aambiwe skurubu huweza kulegea, kidonda huweza kuingia maradhi, na pingili jirani hubeba mzigo wa ile iliyofungwa. Na aulizwe kazi yake. Kaka hakuna aliyemuuliza kazi yake. Alidhani atarudi mkokotenini baada ya miezi mitatu.

Mama wa kijana alinipigia simu baada ya kuona nimeuliza kundini kama upasuaji huo unahitajika. "Mwalimu," akasema, "sisi tukiambiwa na daktari tutapinga kwa elimu gani?" Nikamwambia hatupingi, dada yangu, tunauliza. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nayajua machungu ya kumsikia mtu wako akigeuka kitandani usiku akiuma shuka ili watoto wasimsikie. Kiwanja wanacho, hawajauza bado.

Mchango wangu nimetuma, nikamwomba mweka hazina sehemu ya kwanza impeleke kijana kwa daktari wa pili, na inayofuata ilipe fiziotherapia ya kweli kwa wiki kadhaa. Kesho baada ya alasiri tunakwenda naye Pirates, yeye, mimi na kaka. Kaka amesema atamwonyesha kovu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa