Anuradhapura si magofu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Anuradhapura, mji wa hija wa Wabudha kule Sri Lanka, nimeisoma mara mbili. Picha nzuri. Ila neno “magofu” mmelirudia mpaka likanikera, na juu yake mkasema mji ulimezwa na msitu hadi Waingereza walipokuja kuufukua. Gofu ni nyumba iliyokimbiwa na wenyewe. Mji ule wenyewe wapo.

Ni kweli ufalme ulihama. Jeshi la Wachola kutoka India Kusini liliupora mji mwaka 993, baadaye makao yakawa Polonnaruwa, na stupa, yale majengo ya kuba ya ibada ya Kibudha, zikaota miti. Lakini mti mtakatifu wa bodhi, uliotokana na tawi lililoletwa na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, katika karne ya 3 KK, watawa hawakuacha kuutunza. Leo matawi yake yameegemezwa kwenye nguzo za chuma zilizopakwa rangi ya dhahabu, kama mzee na mikongojo yake, na watu wamekaa chini yake kutwa nzima.

Kilichoniuma zaidi ni mlichokiacha. Nimekuwa fundi wa umwagiliaji hadi kustaafu, na huko nilifika kwa safari ya mafunzo, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na maji. Faxian, mtawa wa Kichina aliyefika mwanzoni mwa karne ya 5, aliandika kwamba nyumba ya watawa ya Abhayagiri peke yake ilikuwa na watu 5,000. Watu 5,000 wasioshika jembe, chakula chao wali, katika ukanda ambao mvua ya maana hunyesha Oktoba hadi Januari, kisha jua. Mpunga ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye malambo, ambayo wao huyaita wewa. Tissa Wewa, lililo karibu na ule mti wa bodhi, hupokea maji ya mfereji wa kilomita 87 hivi unaotoka Kala Wewa, lambo la mfalme Dhatusena wa karne ya 5. Katika kipande chake cha mwanzo mfereji huo unashuka kama sentimita 10 tu kwa kila kilomita. Sentimita kumi! Sisi, pamoja na vipimo vyetu vya kisasa, tuliwahi kuchimba mfereji, maji yakagoma kwenda, tukafukia na kuanza upya. Wazee wa mifongo, ile mifereji ya jadi ya Kilimanjaro, ndio wangekaa na mafundi wale wakaelewana.

Halafu kuna bisokotuwa. Ni kisima cha mawe cha pembe nne, kimejengwa ndani ya tuta lenyewe la lambo. Maji ya lambo huingia humo kwa nguvu, yakatulia, ndipo yakatoka kwenda mashambani. Bila hivyo yangelila tuta la udongo kuanzia pale pa kutokea. Nilikuwa nimeinama nachungulia kimoja, mwenyeji wangu akaniita twende Jetavanaramaya. Tukaenda. Ni stupa ya matofali yanayokadiriwa kuwa milioni 93, na enzi zake ilipanda mita 122 hivi, ikizidiwa na piramidi mbili tu za Giza. Sawa, ni kubwa. Mimi mawazo yalibaki kule kisimani.

Asubuhi ya mwisho niliamkia kwenye tuta la Tissa Wewa. Mama mmoja wa makamo, amevaa nguo nyeupe tupu, alishuka akaoga, akapanda juu akiwa bado anatiririka maji, akaketi na maua yake ya yungiyungi. Alikuwa anakunja petali kwa ndani, moja baada ya nyingine, polepole, hadi kila ua likawa kama kikombe. Kisha akayabeba kwa mikono miwili akaelekea kwenye mti, peku. Upande wa pili wa tuta, maji ya lambo lilelile alilooga yalikuwa yakiingia kwenye majaruba.

Mkiichapisha tena makala hiyo, hilo neno litoeni, na mtafute nafasi ya picha ya lambo. Ninayo moja. Haikutoka vizuri, kidole changu kimeingia pembeni, lakini tuta linaonekana.

Fundi mstaafu,
Moshi